Safu Niliyoificha kwenye Orodha ya Makaburi

Vijana wangu wa kitengo cha tovuti,

Siku ya kuniaga mliniomba niwaachie mwongozo. Mwongozo mnao. Uko kwenye kabati la chuma, droo ya pili, kurasa arobaini na mbili, na najua hakuna aliyeusoma, kwa sababu ukurasa wa kumi na tisa ulifungwa kichwa chini miguu juu na miaka yote hii sijasikia mtu akilalamika. Mle ndani mtakuta namna ya kuongeza kisanduku kwenye fomu, namna ya kupanga ukurasa, na namna ya kurudisha nakala ya jana mtu akiharibu ya leo. Hayo sitayarudia. Kuna jambo moja ambalo sikuliandika mle, na ili mlielewe inabidi nianzie mbali kidogo.

Niliajiriwa kuwa mpiga chapa. Nilitoka Kondoa na cheti cha uhazili na sanduku la bati, nikapewa chumba chenye mashine mbili za chapa. Moja ilikuwa imekufa, ya pili haikuwa na herufi K. Jaribuni kuandika barua ya serikali kwa Kiswahili bila K. Nilikuwa naruka nafasi, kisha najaza kwa kalamu, barua baada ya barua, mpaka bosi wa wakati ule akaniuliza kama kwetu hatuijui hiyo herufi. Nikamwambia kwamba kwa mashine yake mimi natokea Ondoa. Hakucheka. Mashine nyingine ililetwa baada ya miezi saba.

Kompyuta zikaja, na miaka mingi baadaye ikaja tovuti. Mtaalamu mmoja alitufundisha kwa siku mbili, akaongea haraka sana, akaondoka na waya wetu wa projekta. Tulibaki watu wawili tuliokuwa tumeandika kitu kwenye daftari: mimi na Mzee Yohana Chilewa wa masjala.

Wengi wenu hamkumkuta. Alikuwa Mgogo wa Zuzu, mrefu, mwembamba, mwenye sweta la kijivu ambalo alilivaa hata Oktoba, jua linapopasua ardhi. Alinizidi miaka michache tu, lakini ofisi nzima ilimwita mzee tangu akiwa na nywele nyeusi. Kompyuta hakuipenda. Alibonyeza vitufe kwa kidole kimoja, kama anayeonja uji wa moto. Lakini mpangilio aliujua kuliko mtaalamu yeyote, kwa sababu alikuwa ameishi ndani ya mafaili maisha yake yote. Siku ya kwanza tulipokaa peke yetu mbele ya ule mfumo alitazama kwa muda, kisha akasema, "Mwanaidi, hii ni masjala tu. Tofauti ni kwamba wameitoboa dirisha upande wa barabarani."

Kwa maneno hayo nikaelewa. Katika mfumo wetu, kama mjuavyo, tangazo si karatasi moja. Ni fomu yenye visanduku: kichwa cha habari, tarehe, picha, mahali, maelezo. Karani anajaza visanduku, kazi yake imeisha. Halafu kuna ukurasa mwingine, ambao wananchi hawauoni na wakuu hawaujui, ambako mtu mmoja anaamua kisanduku kipi kitangulie, kipi kifuate, kipi kiwe na lebo, kipi kionekane kwenye simu na kipi kwenye kompyuta tu. Unakishika kwa kipanya, unakiburuta juu au chini. Na chini kabisa ya ukurasa huo kuna mahali pa vilivyofichwa. Ukikiburuta kisanduku hadi pale hakifutiki. Kilichoandikwa kinabaki ndani ya mfumo, salama kabisa, ila msomaji hakioni. Kwa miaka kumi na tatu mtu huyo mmoja nilikuwa mimi.

Kazi ile niliipenda. Nasema hivyo bila aibu. Nilipenda kuona tangazo lililokuwa limerundikana kama nguo chafu likinyooka. Kulikuwa na mambo ya kuchekesha pia. Mkuu mmoja alitaka picha yake iwe kubwa kuliko ramani ya viwanja. Mwingine alitaka cheo chake kitangulie jina, kisha kirudi tena baada ya jina. Na lilikuwepo lile la tarehe. Mfumo ulikuja umepangwa kuandika mwezi kabla ya siku, nami sikugundua. Tukatangaza mkutano wa wenye viwanja, wananchi wakasoma tano Agosti kuwa nane Mei. Walifika Mei, wazee kwa vijana, wamevaa vizuri, getini hakuna anayewatambua. Mzee Chilewa aliwatolea nje viti vya masjala, akawaeleza mmoja mmoja kwa upole. Walipoondoka akaja mezani kwangu.

"Ndani ya mfumo umeandika nini?" akauliza.

"Tarehe tano, mwezi wa nane. Ndani iko sahihi, mzee."

"Hao hawaingii ndani," akasema. "Wao wanachungulia dirishani."

Nilibadilisha tarehe siku ileile, na tangu hapo kila tangazo lenye tarehe tuliandika mwezi kwa jina. Nilidhani nimeshajifunza.

Miaka mitano iliyopita mradi wa barabara ulipangwa kupita upande wa magharibi wa mji, na ndani ya ramani kulikuwa na eneo la makaburi ya zamani. Mnajua Dodoma ilivyotanuka. Mahali palipokuwa shamba la mtama nilipoajiriwa, leo kuna ghorofa na duka la vioo. Watu walizika wafu wao porini, na pori likawa mji. Kwa hiyo ikabidi makaburi yahamishwe. Utaratibu ulikuwa kuyaorodhesha yote, kuweka orodha hadharani, kuwapa ndugu muda wa kujitokeza, kisha kuyahamisha mbele yao hadi eneo jipya, kila moja na msalaba au kibao chake. Ofisi yetu ndiyo iliyokabidhiwa kuorodhesha na kutangaza.

Mzee Chilewa alitumwa pamoja na wapimaji kwa sababu alijua Kigogo na alijua watu. Alikwenda siku tisa mfululizo. Makaburi yenye misalaba aliandika majina yaliyosomeka. Yasiyo na kitu aliulizia nyumba kwa nyumba, kwa wazee waliobaki, na alichoambiwa akakiandika kwenye daftari lake la mistari kwa ule mwandiko wake ulioinama kushoto. Aliporudi tulikaa wote wawili, yeye akisoma, mimi nikichapa. Nilikuwa nimetengeneza fomu mpya kwa kazi ile: namba, jina la marehemu, jinsia, ndugu anayefahamika, maelezo. Makaburi mengi yalipata jina. Tisa hayakupata. Hayo kisanduku cha jina kilibaki kitupu, na kila alichokipata Mzee Chilewa kikaingia kwenye maelezo.

Mkuu wetu wa kitengo wakati ule alikuwa mama mmoja mnadhifu, mchapakazi, si mtu mbaya. Nataka hilo lieleweke. Alikuja kuangalia orodha kabla haijatoka, akasimama nyuma ya kiti changu.

"Mwanaidi, mbona safu ya jina ina matundu?"

"Hao tisa hawajulikani majina, mama."

"Na hii ya maelezo ndefu hivi? Nikifungua kwenye simu yangu jedwali linakatika, majina yenyewe siyaoni." Akanionyesha simu. Kweli lilikuwa limekatika. "Kesho wageni wa mradi wanaifungua hii. Wataona tumefanya kazi nusu nusu."

Sasa sikilizeni vizuri. Hakuniambia nifiche chochote. Alisema tu haipendezi. Mimi ndiye niliyegeuka kwenye kiti nikamwambia, kwa furaha ya fundi anayejua chombo chake, "Hilo linawezekana, mama. Dakika mbili."

Nikaburuta safu ya maelezo hadi chini, kwenye vilivyofichwa. Kisha nikaweka kichujio kwamba orodha ionyeshe tu penye jina. Nikahifadhi. Jedwali likanyooka kama shuka lililopigwa pasi. Mkuu akanigusa bega, akasema, "Ndiyo maana nakutegemea." Ukurasa uleule ukachapishwa, ukabandikwa kwenye ubao wa ofisi ya mtaa.

Kesho yake Mzee Chilewa aliusoma ukurasa kwa kidole, mstari kwa mstari, kama kawaida yake.

"Wale tisa siwaoni," akasema.

"Wapo ndani, mzee. Hawaonekani tu."

Akanitazama. Baadaye sana aliniambia kwamba alitaka kusema tuwaweke hata mwisho wa orodha, hata kwa maandishi madogo, lakini aliona nimefurahi, na mkuu amefurahi, naye alikuwa karani wa masjala aliyebakiza miezi michache astaafu. Akasema tu, "Haya," akarudi kwenye mafaili yake.

Muda uliotolewa ukapita. Ndugu waliokuja walikuja, makaburi yakahamishwa. Mimi nikaendelea na mengine.

Ilikuwa kama miezi minne baadaye, asubuhi, mapokezi wakanipigia simu kwamba nina wageni. Nilikuta binti wa chuo, amesuka vizuri, mkoba begani, amemshika mkono bibi kizee aliyevaa khanga mbili na viatu vya plastiki. Miguu ya yule bibi ilikuwa imevimba.

"Shikamoo, mama," binti akasema.

"Marahaba, mwanangu. Shikamoo, bibi."

Bibi aliitikia kwa sauti ndogo, akakaa. Binti alijitambulisha kuwa anaitwa Neema, na huyu ni Bibi Esteri, mama wa mama yake, wametoka Bahi kwa basi la alfajiri. Akatoa simu.

"Mama, tumeambiwa orodha ya makaburi ni wewe uliyeiweka mtandaoni."

"Ndiyo."

"Bibi alisikia kwamba kule kwao zamani wanapima barabara. Akaniambia nitazame kama kaburi la mtoto wake limo. Nikaifungua nikiwa chuoni. Nikaisoma yote, mara mbili. Halikuwemo." Sauti yake ilikuwa ya kawaida tu, kama anayesimulia safari. "Nikampigia nikamwambia, bibi, la kwetu halimo, halihamishwi, tulia. Akashukuru Mungu. Juzi tumekwenda kulifagia. Hakuna kitu, mama. Kuna kifusi chekundu na mtaro."

Nilijua kabla hajamaliza. Nilijua kama mtu anavyojua ameacha jiko linawaka. Nikawapeleka ofisini kwangu, nikamtuma mhudumu amwite Mzee Chilewa kwa sababu bibi Kiswahili chake kilikuwa cha kuchagua, na zaidi kwa sababu niliogopa kuwa peke yangu. Mzee alikuja na sweta lake, akamsalimia bibi kwa Kigogo, "Mbukwenyi," na uso wa bibi ukalegea kidogo. Wakaongea. Mzee akawa anatugeuzia kwa Kiswahili polepole.

Mtoto aliitwa Lea. Alikuwa wa kwanza kuzaliwa. Alifariki kwa surua akiwa na miaka sita, mwaka wa njaa, na baba yake alichonga msalaba wa mti ambao mchwa waliumaliza baada ya masika mbili. Bibi Esteri akaweka mawe matatu meupe. Kisha wakahamia Bahi kulima mpunga, akazaa wengine, lakini kila mwaka baada ya mavuno alirudi siku moja kufagia pale. Miaka mitatu ya mwisho miguu ilimkatalia, mpaka juzi Neema alipompeleka.

Nikafungua mfumo. Si dirisha, ndani. Nikaita rekodi zote zisizo na jina. Zikatokea tisa. Nikaanza kusoma maelezo kwa sauti: mwanamke, inasemekana alitoka Singida. Mzee, mchunga ng'ombe wa jirani. Wawili pamoja, mapacha. Ya nne ilisema: *Mtoto. Mama yake alihamia Bahi. Mawe matatu meupe, la kati limepasuka.*

Mzee Chilewa hakuhitaji kugeuza kwa Kigogo. Bibi alikuwa ameshika ukingo wa meza yangu kwa mikono miwili.

"Lea," akasema.

Neema alisogea karibu na skrini, akasoma mwenyewe. Akasoma tena.

"Hii iliandikwa lini?"

"Kabla ya kutangaza."

"Ilikuwa humu wakati mimi naangalia?"

"Ilikuwemo."

"Sasa mbona mimi sikuiona, mama?"

Nimefanya kazi ya maneno maisha yangu yote. Nilikuwa na maneno mengi mdomoni: jedwali halikutosha kwenye simu, kichujio, utaratibu, maelekezo, wageni wa mradi. Yote yalikuwa kweli. Nilimtazama binti wa watu, umri wa mwanangu wa mwisho, aliyesoma orodha mara mbili kama mtu mwaminifu, kisha akampa bibi yake jibu nililomwandalia mimi.

"Niliificha," nikasema.

Bibi Esteri aliuliza jambo kwa Kigogo. Mzee Chilewa akanigeuzia: "Anauliza, sasa mtoto yuko wapi?"

Tulikwenda wote wanne kwa gari la ofisi. Eneo jipya lilikuwa limezungushiwa waya, misalaba imepangwa kwa mistari, mingine ina maua ya plastiki. Msimamizi, kijana mstaarabu, alitupeleka mwisho kabisa, karibu na waya. Wale ambao ndugu zao hawakujitokeza walizikwa pale, tisa, mstari mmoja, kila mmoja na kigingi cha mti. Kwenye vigingi kulikuwa na namba kwa rangi nyeupe, moja hadi tisa.

Namba ya Lea katika orodha yetu ilikuwa hamsini na tatu. Nikamuuliza msimamizi kama ana karatasi inayoonyesha hamsini na tatu imekuwa ngapi. Akaniambia mafundi waliyafukua kwa mpangilio waliouona wenyewe siku ile, wakayapa namba mpya, na kwa kuwa hakukuwa na ndugu, hakuna aliyeandika. Aliomba radhi, ingawa yeye aliajiriwa baada ya hapo.

Mzee Chilewa alimweleza bibi. Alichukua muda mrefu kuyasema maneno machache. Bibi Esteri alisikiliza hadi mwisho, akaachia mkono wa Neema, akaenda mwenyewe hadi kigingi cha kwanza. Akainama kwa shida, akaondoa jani lililonasa pale, akasema kitu. Akaenda cha pili. Alifanya hivyo kwa vyote tisa, na miguu ile, kwenye jua lile, na hakuna kati yetu aliyethubutu kumshika. Alipofika mwisho alikaa chini kwenye udongo.

"Anasemaje?" nilimnong'oneza Mzee Chilewa.

"Anawaambia wote habari za nyumbani," akasema. "Anasema mmoja anamsikia."

Halafu akaenda nyuma ya gari, akasimama huko na mgongo wake kwetu, na sweta lile likawa linatikisika.

Niliporudi niliondoa kichujio. Nikairudisha safu ya maelezo, nikaipandisha juu kabisa, kabla ya jina. Jedwali likakatika kwenye simu, nikaliacha limekatika hadi nilipopata namna ya kupanga kila kaburi liwe na mistari yake, moja chini ya jingine, isiyo maridadi ila inasomeka yote. Dakika mbili za kuficha, siku tatu za kurudisha. Nikaandika taarifa kwa mkuu, ukurasa mmoja, nikaeleza nilichofanya bila kumtaja yeye. Aliniita. Alikuwa ameumia kweli, macho mekundu. Akasema kisheria tangazo lilitolewa, muda ulitolewa, ofisi haina kosa. Nikamwambia najua. Taarifa ikawekwa kwenye faili, na ninyi mkiitafuta mtaikuta, kwa sababu Mzee Chilewa ndiye aliyeifaili na hakuwahi kupoteza karatasi.

Yeye na mimi tulijaribu kuutafuta ule mpangilio wa kufukua. Tulimpata nyapara wa mafundi kwa simu, alikuwa ameshahamia kazi nyingine mbali. Alikumbuka kazi, alikumbuka jua, hakukumbuka mawe meupe. Mzee alikwenda mara mbili na daftari lake kuangalia pale palipokuwa makaburi, akidhani atapata alama ya kuanzia. Barabara ilikuwa imeshapigwa lami. Alistaafu mwaka uleule. Siku ya kumuaga alikataa hotuba.

Baada ya maelezo kuonekana, familia mbili zaidi zilijitokeza. Ya mapacha, na ya yule mwanamke wa Singida, mtoto wake alisoma akiwa Mwanza akapiga simu analia. Nao niliwapeleka kwenye mstari wa tisa, nikawaambia neno lilelile. Wengine sita hadi leo hawajauliziwa na mtu.

Neema alikuwa akinitumia salamu mara mojamoja. Sikujua kwa nini, na sikumuuliza. Kwenye rekodi ya nne nilijaza kisanduku cha jina: Lea, binti wa Esteri. Nilimtumia picha ya ukurasa. Akajibu, "Asante mama, nimemsomea bibi."

Masika iliyofuata alinipigia, saa nne asubuhi, niko ofisini. Bibi amefariki, wanazika kesho. Nilichukua ruhusa, nikapanda basi hadi Bahi, kisha bodaboda kupita kandokando ya majaruba ya mpunga yaliyojaa maji. Nilikuwa nimejifunga ushungi wangu, mgeni kabisa, Mrangi katikati ya msiba wa Wagogo wanaoimba nyimbo za kanisani. Mzee Chilewa hakuweza kuja. Presha ilikuwa imemlaza.

Walimzika karibu na nyumba, mahali pa mwinuko ambapo maji hayafiki. Baada ya mazishi wanawake waliketi kwenye mikeka, nikapewa nafasi, nikaletewa wali na mlenda. Mama mmoja mkubwa, sura yake ya Bibi Esteri mtupu, akanigeukia kwa adabu. Nilielewa kwamba ndiye mama yake Neema.

"Karibu, dada. Samahani, hatufahamiani. Wewe ni nani kwa marehemu?"

Kijiko kilisimama mkononi. Wanawake wote wa mkeka ule walinitazama, kwa wema, wakingoja. Nilikuwa nimeliandaa neno lile la "niliificha" ndani ya basi, njia nzima.

Kabla sijasema, Neema, aliyekuwa akigawa maji, aliinama kati yetu.

"Mama, huyu ndiye mama wa ofisini," akasema. "Ndiye aliyelitafuta kaburi la mama mkubwa Lea."

"Ooh!" Mama yake akaushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili. "Bibi alikutaja. Mungu akubariki, dada. Mungu akubariki sana."

Nilimtazama Neema. Alinitazama pia, birika mkononi, macho makavu. Alikuwa ndiye aliyeniuliza, na mimi ndiye niliyemjibu, na neno lile alikuwa amelibeba muda wote huo bila kuwapa watu wake. Kisha akaenda mkeka mwingine kugawa maji.

Sikumsahihisha. Mama yule aliendelea kunishika mkono, nami nikamwacha anishike. Nilikula chakula cha msiba wa Bibi Esteri nikiwa nimeketi katikati ya binti zake kama mtu aliyewatendea jema, wakaniongezea wali, na jioni wakanisindikiza hadi barabarani.